Kumfuata Kaka Deo kwenye Visiwa vya Wasiosalimiana

Mama ndiye aliyenituma. Mke wa kaka yangu Deo alifariki huko Norwei mwaka jana, na tangu siku hiyo mama hakupata usingizi. "Mutoto yangu anabaki peke yake mu baridi," aliniambia. "We uende, umulete. Akikufa kule, nani atamuzika?" Basi nikafunga genge langu la sambaza, dagaa wetu wa Kivu, hapa Gisenyi, nikaenda.

Baada ya Oslo nilipanda ndege ndogo, kisha basi, kisha kivuko. Basini tulikuwa abiria sita, kila mmoja na viti vyake viwili. Mimi mtu wa watu nikajiweka kando ya mzee mmoja, nikamsalimia kwa bashasha. Maskini! Alikodolea macho dirisha, akashuka kituo kilichofuata. Nilipomsimulia Deo, aliyekuja kunipokea kivukoni, alicheka mpaka akakohoa.

Manispaa anayoishi ni visiwa vilivyoungwa kwa madaraja, nyumba nyekundu na nyeupe, na kondoo wengi kuliko wapiga kura. Meya nilimkuta dukani amebeba viazi vyake mwenyewe, na hakuna aliyempisha kwenye foleni. Ufukweni samaki wakubwa wametundikwa juu ya vichanja wakauke, bila mlinzi. Niliwahurumia wenye samaki. Kwetu ukigeuza shingo tu, sambaza wamekwenda na paka, na paka mwenyewe ana miguu miwili.

Siku ya nne, asubuhi, Deo akavaa buti. "Leo kuna umuganda, dada."

Nikadhani ananitania. Kumbe nao wana siku ya kazi ya pamoja, ila hakuna kiongozi wa kuandika nani kaja na nani kajificha. Tulikwenda kusafisha makaburi ya kanisani. Nikasema moyoni, leo nitajua kama kaka ana watu. Kwa saa mbili nzima aliambiwa maneno matatu, moja likiwa "reki". Roho iliniuma jamani. Nikaamua nitarudi naye, atake asitake.

Tukafika kwa wifi yangu. Kaburi lilikuwa limepaliliwa, lina maua mabichi.

"Unalitunza vizuri," nilimwambia.

Deo alikuwa ameduwaa. "Mimi huja Jumapili moja moja. Nilidhani ni kazi ya kanisa."

Jirani wa Deo, bibi mmoja aitwaye Solveig, alikuwa akisugua jiwe la kaburi la kando. Deo akamuuliza, kisha akanitafsiria: tangu mazishi, Solveig na majirani wengine hupokezana kulitunza kila wiki.

"Sasa mbona hamkumwambia?" nilisema, machozi yakinilenga.

Deo alipomtafsiria, Solveig akashangaa. "Hakuuliza."

Deo akakaa kwenye nyasi, akalia. Solveig naye akakaa, bega kwa bega, akammiminia kahawa bila neno. Habari ya kurudi naye sikuitaja.

Gisenyi, mama alinipokea mlangoni. "Mutoto yangu iko wapi?"

"Amebaki, mama. Ana watu."

"Wanamusemeshaka?"

"Hapana." Nikamweleza habari ya kaburi, tangu mwanzo hadi mwisho.

Akajifuta macho kwa kitenge. "Bon," akasema. "Abaki. We unanisemeshaka kila siku, tena unasemaka mingi. Na kaburi ya baba yako kule Rugerero iko na majani mpaka ku magoti."