Magugu Yalipotufungia Njiani Kwenda Homa Bay

Nilikwenda Kenya kwa sababu nilishindwa kukaa nyumbani. Watu wa Tanga niliwaambia nakwenda kusaidia watoto yatima, na haikuwa uongo, lakini sababu ya kwanza ilikuwa hiyo. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nasubiri kupangiwa shule. Asubuhi nilifagia uwanja ambao mdogo wangu alikwisha kuufagia. Jioni nilikwenda stendi kutazama watu wanaosafiri. Mama akaanza kuniangalia kwa jicho la wasiwasi, akauliza kama kuna mtu ananisumbua. Hakuna aliyenisumbua. Miguu tu ilikuwa inaniwasha.

Rafiki yangu mmoja aliponiambia kwamba kuna chama kidogo kinachotafuta walimu vijana wa kujitolea upande wa pili wa mpaka, kuzunguka Migori na Homa Bay na kukaa na watoto mwezi hapa, mwezi kule, sikuuliza nitalala wapi wala nitakula nini. Niliuliza wanaondoka lini.

Nilipofika Sirari nilivuka mpaka kwa miguu, begi kichwani. Afisa wa upande wa Isebania alinisikiliza nikijieleza, akatabasamu, akasema Kiswahili changu ni kama cha redio na huko ninakokwenda nitapata taabu. Alisema kweli. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba lugha yangu itanifungulia kila mlango, kumbe watoto wa huko huongea Kijaluo nyumbani, na Kiswahili hukutana nacho sokoni na shuleni, kimekwisha kunyooshwa kwa namna yao.

Migori nilipokewa na Mama Swabra, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyehamia kutoka Mombasa miaka mingi nyuma. Walikaa nyuma ya duka lao, karibu na msikiti, na alinifurahia kama ndugu aliyepotea, kwa sababu nilijua kupika samaki wa nazi ingawa nazi zenyewe zilikuwa za shida. Kila asubuhi nilipita katikati ya baiskeli za boda boda na wanawake wanaopanga nyanya, nikaenda kwenye ukumbi wa kanisa ambako chama kilikuwa na darasa la watoto wadogo. Wengi walikuwa wamefiwa na wazazi. Ukimwi watu hawakuutaja kwa jina. Walisema chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, au walinyamaza tu.

Watoto walikuwa wachangamfu. Siku ya kwanza walinivaa, huyu anashika mkono, huyu anagusa mtandio. Wiki ya mwisho niliwaomba waniimbie wimbo wanaoupenda. Wakasimama wenyewe mstari mmoja, wakaimba wimbo wa kuaga wageni. Waliujua wote, beti zote, na mikono ya kupunga waliipunga kwa pamoja bila mtu kuwaongoza. Nyimbo nyingine zote walikuwa wakizikosea.

Jioni ile nilimweleza Mama Swabra. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Alisema wenzangu waliotangulia walikuwa wema vilevile, na kila mmoja alilia siku ya kuondoka, na watoto walikuwa wamejifunza kuwabembeleza. Sikupenda alivyosema. Nililala vibaya, na asubuhi nilifurahi gari lilipokuja kunichukua.

Bonde la Lambwe sikukaa sana. Nilikuta shule yenye kuta za udongo karibu na mbuga ya Ruma, na mwalimu mkuu mpole aliyenishauri niache kuvaa gauni langu la buluu, maana mbung'o hufuata rangi hiyo. Nilikuwa nimekwisha kuumwa mabegani. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino, mvua zisizojua kupumzika; asubuhi nyingi watoto walikuwa mashambani, wakifukuza nyani au wakiokoa mahindi yasichukuliwe na maji, na mimi nilibaki na ubao na chaki. Nilizunguka lile darasa tupu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chama kilipotuma habari kwamba kijiji kimoja cha ufukweni, ng'ambo kidogo ya mji wa Homa Bay, hakina mwalimu, begi langu lilikuwa limefungwa kabla mjumbe hajamaliza uji wake.

Ufukweni nilikaribishwa na bibi mmoja mjane, Perpetua, ambaye kijiji kizima kilimwita Dani, yaani bibi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito. Alikuwa amezika watoto wake watatu, akabaki na mjukuu, Awuor, msichana wa miaka sita hivi. Kila nilipoingia nyumbani kwake nilitafuta cha kushika: ndoo, ufagio, sufuria. Naye kila mara aliniambia kwa Kijaluo, "Bed piny." Kaa chini. Nilikaa, dakika mbili, nikainuka tena.

Darasa lilikuwa chini ya paa la mabati ambako zamani walipima samaki. Samaki walikuwa wamepungua kwa sababu ya magugu maji. Yalikuwa yameingia ghubani miaka ile, majani mabichi yanayong'aa na maua ya zambarau, mazuri ukiyatazama kwa mbali, na yalikuwa yakisukumwa na upepo kutoka pwani moja hadi nyingine kama shamba linalotembea. Leo maji ni meupe, kesho huoni hata tone. Wavuvi walikaa wakishona nyavu zisizokuwa na kazi. Mama Millicent, jirani wa Dani aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, sasa alikuwa hana cha kuuza, akawa anakuja kukaa nyuma ya darasa, ananitafsiria watoto wasiponielewa.

Watoto walinizoea upesi, isipokuwa Awuor. Alikuja kila siku, akaketi, akaandika nilichoandika. Tukianza michezo alijitenga. Nikimsogelea alinitazama kwa utulivu, kisha akaenda kwa Mama Millicent. Nilijaribu peremende, nilijaribu mpira wa matambara. Mwishowe nilimuuliza Dani kama nimemkosea mtoto.

"Hujamkosea," alisema Dani. "Kulikuwa na tichaa mwingine hapa kabla yako. Huyu mtoto alimpenda sana. Huyo tichaa alipoenda, mtoto alikaa kwa barabara siku mingi akingojea. Sasa hataki tena."

Nami nilikuwa nimekwisha kupata habari kwamba Jumatatu gari la chama litanichukua kwenda Kegonga, kwa Wakuria, na moyoni nilikuwa nimeanza kuwaza milima ya huko.

Ijumaa Awuor hakuja darasani. Nilimkuta nyumbani kwa Dani, amelala mkekani, mwili unachoma, macho hayatulii. Usiku alikuwa ametapika kila alichopewa. Mhudumu wa zahanati alimtazama, akasema ni malaria kali na apelekwe hospitali mjini bila kungoja. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatika, mto ulikuwa umechukua daraja. Ilibaki njia ya maji. Ouma, mvuvi wa jirani, alitazama ghuba, akaona pamefunguka, akasema twende sasa hivi.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa wazi kabisa. Ouma alipiga kasia mbele, mimi nikakaa katikati, Dani nyuma na mtoto mapajani. Kilima cha Asego kilisimama juu ya mji, kikizidi kukua, hata nikaanza kuona mabati ya nyumba na watu kwenye gati. Ndipo upepo ulipogeuka. Haukuwa mkali. Yale magugu yaliyokuwa yamelala mbali upande wa kushoto yakaanza kusogea, polepole, bila kelele, na Ouma akaongeza kasi. Nilidhani tutapita. Yakafunga mbele. Nilipogeuka nyuma, yalikuwa yamefunga na nyuma.

Ouma alisukuma, akakata kwa panga, akasukuma tena. Mtumbwi ulisogea urefu wa mkono ukakwama. Aliweka kasia chini.

"Hii kitu haina haraka," alisema. "Upepo ikirudi, itafungua. Tungoje."

Nilisimama. Niliwapungia watu wa gati, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Walitupungia, walituona, lakini hata wao mitumbwi yao ilikuwa imefungwa. Jua lilipanda. Mtoto aliguna. Nikayatazama yale majani yaliyoshikamana kama zulia, nikawaza kwamba mtu mwepesi anaweza kuyakanyaga hadi nchi kavu na kuleta daktari. Nikatoa mguu nje. Ulizama hadi pajani, kwenye maji ya uvuguvugu na mizizi inayoshika, na mtumbwi ukaelemea upande. Ouma alinikamata mkono akanirudisha ndani. Dani alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu zote, na maji yalikuwa yameingia hadi kwenye visigino vyake.

Nilingojea anitukane. Alingoja mtumbwi utulie.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "kama unataka kusaidia, shika huyu mtoto. Mikono yangu imechoka. Lakini ukimshika, ukae."

Nikakaa. Nilimpokea Awuor, nikamfunika kichwa kwa mtandio wangu niliouchovya majini. Dani alikuwa na uji kidogo kwenye chupa. Nilichovya kidole nikamlambisha, nikangoja, nikamlambisha tena. Akitapika naanza upya. Mguu ulikufa ganzi, sikuuhamisha. Sijui kueleza jinsi ilivyokuwa. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia, kila mshipa, na hapakuwa na pa kukimbilia. Mbu walituuma mchana kweupe. Ndege weupe walitembea juu ya magugu wakidonoa kando yetu, wepesi, nikawaonea wivu.

Adhuhuri ilipopita Awuor alifungua macho, akanitambua. Nilidhani atalia amtake bibi yake. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, sauti kama ya mtu mzima, neno la kwanza alilowahi kunielekezea:

"Tichaa, wewe unaenda lini?"

Dani aligeuza uso akatazama majani. Nilijua jibu, lilikuwa Jumatatu. Nikamwambia nitabaki mpaka apone na mpaka amalize kusoma kitabu cha kwanza. Hakufurahi wala hakubisha. Alinitazama kidogo kama anayepima, kisha akafumba macho, na kwa muda mrefu nilikuwa nasikiliza pumzi yake tu.

Alasiri upepo ulirudi. Magugu yalilegea kando ya mtumbwi, ukaonekana mstari mwembamba wa maji, na Ouma akaufuata akipinda huku na huku. Karibu na gati vijana walitutupia kamba wakatuvuta. Mmoja wao alimchukua mtoto mikononi mwangu akakimbia naye kupanda mjini. Nilipotaka kumfuata, miguu ilikataa kusimama.

Homa Bay tulikaa karibu wiki nzima. Awuor alitundikiwa dripu, siku mbili za kwanza daktari hakutaka kutuahidi kitu. Siku ya tatu aliomba samaki. Dani alitoka nje ya wodi, nikamwona akisimama peke yake kando ya ukuta, mabega yanatikisika. Sikumfuata. Jumatatu gari la Kegonga lilikuwa limekuja likaenda.

Nilibaki ufukweni hadi mwisho wa muhula uliofuata. Nisiwadanganye kwamba nilibadilika nikawa mtu mtulivu. Zilikuwapo asubuhi nilizotembea pwani kwenda na kurudi, nikiyachukia magugu, nikiichukia mvua, nikijiuliza Kegonga kukoje. Lakini nilirudi darasani. Nilipoona Mama Millicent anawaelewa watoto kuliko mimi, nilianza kumwachia nusu ya somo, kisha somo zima, nami nikahamia nyuma alipokuwa akikaa yeye. Awuor hakunivaa kama watoto wa Migori walivyonivaa. Alikuja tu kukaa karibu, akisoma kwa kidole, na akikwama aliniita.

Siku ya kuondoka nilimwomba Mama Millicent asiwasimamishe watoto kuimba. Nilipita darasani na begi langu. Awuor alikuwa ubaoni, akiwaongoza wenzake kusoma mstari wa mwisho wa kitabu. Tulikuwa tumeagana asubuhi nyumbani, na alikuwa amenibebea begi hadi mlangoni. Sasa aliinua uso, akaniona, akanipungia mara moja kwa mkono ulioshika chaki. Kisha akawageukia wenzake akaendelea kusoma.

Nilisimama pale nikingoja aangalie tena. Nasema kweli, nilitaka alie. Hakulia. Niliposhika njia ya Migori niliendelea kuisikia sauti yake, na watoto wakimwitikia, mpaka nilipofika kwenye kona.

Wapo vijana hapa kwetu wanaoniuliza sasa kama waende kujitolea na wao. Nawaambia waende. Nawaambia pia kwamba pale watakapofika, kabla ya mtoto kuwauliza jina, atakuwa tayari anauliza jambo jingine, na wawe na jibu.