Kitako Kilicholegea na Mimba Niliyobandikwa

Siku ile naikumbuka hadi nguo niliyovaa, mwanangu, maana ndiyo siku niliyopewa mimba na bunduki. Cheka, cheka tu, lakini ukimaliza unisikilize. Juzi nilikusikia mezani ukimsema mwenzako wa kazini kwamba hafai, mzito, hana mkono wa kazi. Damu ikanichemka. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni, na leo wageni hawapo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Germantown, kule Marekani, mimi na mume wangu Idrisa, Mungu amrehemu. Nilikuwa kijana, kazi yangu ofisini mji wa jirani, Rockville, na ndoa yetu ilikuwa na miaka kadhaa bila mtoto. Jambo hilo liweke akilini. Kila Jumamosi Waswahili wa pale, Watanzania kwa Wakenya, tulikutana nyumbani kwa Mzee Salum. Wengine walikaa juu wakipika na kubishana siasa za nyumbani, sisi tulishuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kulenga shabaha. Tulitumia bunduki ya upepo, ile ya risasi ndogo zinazotoboa karatasi na kuishia kwenye sanduku la mchanga. Mimi nimekulia shambani, baba alinifundisha kulenga ili nilinde mahindi yasiliwe na ngedere, na pale kwa Mzee hapakuwa na mwanamume wa kunishinda. Nasema bila haya. Kwa hiyo klabu moja ya walenga shabaha huko nje ya mji ilipotualika tupeleke mtu mmoja kwenye mashindano yao, wote walisema ni mimi.

Basi Mzee Salum akatuletea bunduki ya kwenda nayo. Ilikuwa imeshatumika, ila kwa macho ilipendeza. Kitako chake, ile sehemu ya nyuma unayoegemeza begani na shavuni, kilikuwa cha plastiki na kilikunjika kwa bawaba ili bunduki iingie vizuri kwenye buti la gari. Tatizo bawaba ilicheza. Ukikifungua kitako kinayumba juu na chini. Mzee akafanya vile angefanya yeyote aliyekulia kwetu: akakata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaifunga bawaba tabaka juu ya tabaka, akavuta kwa meno, akakaza.

"Hiyo haiendi popote," akasema.

Watu wakashangilia, Mzee fundi, Mzee fundi! Hebu niambie, mpira kazi yake nini kama si kuvutika? Lakini nani angesema? Mzee Salum ndiye aliyetupokea karibu wote tulipofika nchi ile. Alitulaza kwake, akatutafutia vyumba, akatufundisha kupanda treni. Kufungua fundo alilofunga yeye ilikuwa sawa na kumvua kofia mbele za watu.

Nikaanza kukosa. Risasi moja kushoto, moja juu, nyingine sijui ilikwenda wapi. Kila nikiegemeza shavu, kitako kinanepa kidogo. Nikipumua kinarudi. Jicho langu halikuwa mahali pamoja hata mara mbili. Nikasema, tena kwa adabu zote, "Mzee, naona bunduki inalegea hapa nyuma." Akaishika, akaitikisa kidogo kwa mkono mmoja, mpira ukaikamata.

"Imekaza hii, Mwanahawa. Tuliza mkono."

Tuliza mkono! Jumamosi iliyofuata wakaniambia nipunguze chai. Iliyofuata nikaambiwa nina presha. Halafu Wambui, Mkenya mmoja aliyekuwa akitunza wagonjwa wazee Rockville, mwanamke mzuri na mdomo wake hauna breki, akanitazama nilivyojishika kiuno baada ya kukosa tena, akapiga makofi.

"Ai! Nyinyi hamuoni? Huyu ako na mimba! Mikono inatetemeka, jasho, hasira. Mimi kazi yangu ni hospitali, najua."

Loh! Vigelegele vilivyopigwa mle besimenti, ungedhani mtoto ameshazaliwa. Nikasema sina. Wakacheka, eti naona haya. Nikasema tena, sina mimba, bunduki imelegea. Wakazidi kucheka. Mzee Salum akatoa uamuzi palepale: mjamzito asibebeshwe bunduki, mashindanoni ataenda mtu mwingine, mimi nipumzike. Nafasi yangu ikaondoka hivyohivyo, watu wanakula sambusa. Nikageuka kumtazama Idrisa, nikitegemea yeye angalau anajua. Uso wake ulikuwa umewaka kwa furaha. "Kweli?" akaninong'oneza. Mwanangu, watu hawa nilishawasamehe mengi, ila lile neno moja walilomtoa mume wangu kinywani, wakati mimi nilikuwa nalia kila mwezi chooni peke yangu, mpaka leo linanichoma.

Na haikuishia hapo. Mzee Salum ni mtu wa Tanga, jirani wa mama mkwe wangu. Palepale akachukua kadi ya simu, zile za kulipia dakika kabla, akapiga nyumbani kumpa hongera bibi wa watu.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaiweka bunduki juu ya meza mbele ya wote, nikaukata ule mpira. Nikamwambia Idrisa akandamize mtutu mezani kwa mikono yote miwili, usitikisike. Kisha nikasukuma kitako kwa kidole. Kidole tu! Kikaenda, kikarudi, kikalia tak, tak.

"Haya," nikasema, "na hii nayo ina mimba?"

Mzee Salum aliuokota mpira wake, akaukunja, akautia mfukoni, akapanda ngazi. Nikaondoka na bunduki.

Wiki ile mimi na Idrisa tuliitengeneza jikoni kwetu, na siku ya kwanza hatukusemezana sana. Yeye alikuwa na huzuni yake, mimi yangu. Tulifungua bawaba. Pini yake ilikuwa nyembamba kuliko tundu, imekula plastiki pembeni, ndiyo maana ilicheza. Tukatia bolti nene iliyojaza tundu, na washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, kila upande. Pale kitako kinaponasa ukishakinyoosha palikuwa na uwazi, tukakata kipande cha bati kwenye kopo la soda, tukakibandika, uwazi ukaisha. Nikafurahi, nikaegemeza shavu, kumbe bado kinanepa! Idrisa akakigonga kwa kucha, akasikiliza.

"Ndani kitupu," akasema. "Plastiki yenyewe ndiyo inapinda."

Akaenda kukata mpini wa fagio langu, la kwangu, hata hakuniuliza, akaupaka gundi kali, akausokomeza ndani ya kitako mpaka ukajaa. Tukaacha gundi ikauke. Baadaye nilisukuma kwa kidole, nikasukuma kwa kiganja, nikasukuma kwa hasira zangu zote. Kilitulia tuli, na bado kilikunjika. Idrisa akanishika bega, akasema, "Nisamehe nilivyofurahi." Nikamwambia kufurahi si kosa. Tukalia kidogo, kisha tukala.

Jumamosi nilirudi kwa Mzee Salum, nikashuka, nikalenga. Matundu yakakaa pamoja katikati ya karatasi, yanagusana. Mzee akaitazama ile karatasi, akasema, "Basi mashindanoni utakwenda wewe." Wambui akaniletea chai, akaniambia nimependeza. Ndiyo hivyo. Walionipa presha, walionipa mimba, walioninyang'anya nafasi mbele ya mume wangu, hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Mkono wangu ulipona ghafla na hawakujiuliza ulikuwa umeugua nini. Nilikwenda, nikawa wa pili, na Mmarekani aliyenishinda alinishinda kwa haki.

Lakini ilinibaki simu ya Tanga. Nilipiga mwenyewe, sikutaka Idrisa abebe hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakula lakini? Usibebe vizito."

Nikamwambia yote. Kwamba hakuna mimba, haikuwapo, ni kitako cha bunduki kilicholegea na watu wakasema ni mimi. Nikasikia kuku wake wakilia uani, na dakika za kadi zikawa zinaliwa.

"Sasa hiyo bunduki imepona?" akauliza.

"Imepona, mama."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Na wewe, mwanangu, pole. Pole sana. Wamekuonea."

Mwanamke aliyekuwa amenyang'anywa mjukuu kwa simu ileile, yeye ndiye aliyenipa pole. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikamlilia kama mama yangu mzazi, mpaka kadi ikakatika.

Kwa hiyo usiniletee habari za fulani hana mkono. Umekishika anachofanyia kazi? Umekikandamiza mezani ukakisukuma kwa kidole? Mtu akikwambia kitu kimelegea, kishike wewe mwenyewe kabla hujafungua mdomo kuhusu mwili wake, akili yake, au tumbo lake. Na kama aliyekifunga ni mzee unayemheshimu, mheshimu kwa kumwambia ukweli mapema, faraghani, kwa upole, asije akaaibishwa na kisu mbele ya watu. Mimi upole wangu haukupewa nafasi. Wewe unayo. Na ukigundua ulimwonea mtu, chai na sifa za nguo hazitoshi, sema pole kwa mdomo wako.

Kesho nenda kwa huyo mwenzako, umuulize kinachomsumbua ni nini, kisha unyamaze usikie. Mungu akupe jicho la kuona mapema na ulimi mzito wa kuhukumu, mwanangu. Na siku utakayosingiziwa wewe, maana itakuja, akupe mtu mmoja wa kukupa pole kama alivyonipa mimi yule bibi wa Tanga. Amina. Haya, nipe hicho kiti nikione, tangu umekaa kinalia.