Mchana Tulipoimba Tshopo Badala ya Chama

Nyinyi mliosoma Kisangani zamani za Zaire, miguu yenu haiwezi kuwa imesahau animation, zile ngoma na nyimbo za kusifu chama. Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alizaliwa ndani yake. Hata papa, baba yangu, karani wa posta, alicheza kila Jumatatu kazini, uso mkavu kama kwanga, mkate wa muhogo, ya juzi.

Nilikuwa darasa la tano mwalimu Lifoka aliponichagua kuanzisha wimbo wa sherehe ya chama pale shuleni. Wiki tatu tulikanyaga vumbi la uwanja wa shule mpaka likatuingia puani. Siku yenyewe mama alinishindilia pondu, majani ya muhogo, na samaki. Alikuwa akisema mwenye njaa haimbi, analia tu.

Wageni walikuwa wameshakaa, papa nyuma kabisa, wakati tonton Baruti, mdogo wake, alipoingia mbio na redio mkononi. Akamnong'oneza mkuu wa shule: rais ametangaza vyama vingine vinaruhusiwa. Habari ikapita viti vyote. Mgeni mmoja wa mbele akabandua beji ya chama kifuani, akaitia mfukoni polepole.

Mwalimu alibaki na fimbo ya ngoma hewani. Nikamuuliza, "Mwalimu, nianze?"

Akapangusa jasho. "Bon, anza. Lakini pale kwenye jina ya chama, tia Tshopo, muto yetu. Muto haiko na mupinzani."

Nikaanza. Kiitikio cha kwanza kilikuwa aibu tupu: nusu ya watoto walitaja chama, nusu mto. Watu wakaangua kicheko. Kufikia cha tatu, uwanja mzima ulikuwa ukiitikia Tshopo, na papa, ambaye hakuna aliyemlazimisha, alikuwa katikati akizungusha kiuno huku shati limechomoka kwenye suruali.

Jioni ile tuliamini kwamba shida zimekwisha. Tulikosea sana, njaa na vita vilikuwa bado njiani.

Leo watoto wangu wanajifunza dansi kwenye simu kabla chai haijachemka. Wakati wa uchaguzi wanavaa fulana ya chama hiki asubuhi, ya kile jioni, na vumbi haliwagusi. Vyama siku hizi havihesabiki. Sisi tulibadilisha neno moja tu, mchana mmoja, lakini tangu hapo sijaona tena karani akicheza vile.