Kiwiko Nilichokificha

Kuna Ijumaa moja ya Kimisagara ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na jana nilipokuona kule kilimani Rebero ukirusha visahani huku ukijisugua kiwiko, ikanirudia yote. Usikatae, nimekuona. Ulikuwa unangoja wenzako wageuke ndipo uukunje mkono na kuukunjua. Ujanja huo mimi niliuanza kabla hujazaliwa. Hebu kaa, chai bado iko moto, nikusimulie.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nililelewa Karagwe, kama unavyojua, na nilikuwa nimekuja Kigali kujifunza kazi ya kuchomelea vyuma. Aliyenipokea alikuwa Mzee Gaspari, fundi aliyekulia Bujumbura, mwenye karakana ndogo kule bondeni Kimisagara. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mcheshi kupita kiasi. Kiswahili changu kilimchekesha kila siku. "Weye unaongea kama redio," alikuwa akiniambia, "iko siku utanisomea na habari." Alinipenda, nami nilimpenda kama baba.

Basi akaja mwalimu mmoja mgeni na picha ya kitu cha ajabu: nguzo ya chuma, juu pete, kwenye pete inaning'inia minyororo, na chini yake kikapu. Alitaka tumtengenezee vitano akavisimike Rebero. Mzee Gaspari akaigeuza picha huku na huku. "Hii ni ya kufugia kuku?" akauliza. Mwalimu akacheka, akatoa begini kisahani cha plastiki, akatueleza kwamba unakirusha kutoka mbali mpaka kigonge minyororo na kutumbukia kikapuni, na anayetumia mitupo michache ndiye mshindi. Ni gofu, ila mpira hakuna, kuna visahani tu.

Kikapu cha kwanza kilipokamilika ilibidi kijaribiwe, na wa kujaribu nikawa mimi. Weee! Niliposikia minyororo ikikipokea kile kisahani, nilikwisha. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alasiri, na kila Jumapili baada ya misa, utanikuta Rebero. Wakati ule nyumba hazikuwa nyingi kama sasa, upepo ulikuwa unapita vizuri kati ya mikaratusi, na tulipochoka tulikaa kwenye majani tukiuangalia mji wote chini yetu. Nikikumbuka wale wenzangu, jinsi tulivyocheka, moyo unaniuma kidogo. Zilikuwa siku nzuri, mwanangu, nzuri kweli.

Ila nilikuwa narusha kwa ujinga. Mimi ni mtu wa nyundo, nikadhani kisahani nacho kinataka nyundo. Nilikibana mpaka vidole vinakuwa vyeupe, nikakivuta kwa mkono mtupu, miguu imekaa tu haina kazi. Mitupo mia kwa siku, halafu Jumatatu nakwenda kuchomelea. Haukuisha mwezi wa pili, kiwiko kikaanza kuniuma upande wa nje, pale penye kifundo cha mfupa. Mwanzoni kilikuwa kinawasha tu. Baadaye nikawa siwezi kukamua tambara. Kikombe cha chai nikakihamishia mkono wa kushoto.

Ungedhani ningesema. Thubutu! Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba atachagua watatu wa kwenda kucheza Kampala, nami Kampala nilikuwa sijawahi kuiona. Nikaapa sitasema neno.

Shida ilikuwa salamu. Unajua hapa kwetu ukimsalimu mkubwa unampa mkono wa kulia, na wa kushoto unaushika ule wa kulia, karibu na kiwiko, kwa heshima. Na watu wa hapa wakikupa mkono wanaubana na kuutikisa kwelikweli. Nikagundua kwamba nikikishika kiwiko vizuri, maumivu yanapungua. Basi nikaanza kumsalimu kila mtu hivyo. Wazee, vijana wenzangu, wauza mkaa, wote. Mtaa mzima ukanisifu. "Kijana wa Gaspari amelelewa huyo!" Akina mama kanisani wakawa wanawaonyesha watoto wao, mtazameni mwenzenu. Nami nainamisha kichwa kama mtakatifu, kumbe nauguza mkono. Hata Mzee Gaspari alitamba kwamba ndiye aliyenifunza adabu.

Ndipo ikafika Ijumaa yenyewe. Tulikuwa na geti la kufunga kwenye nyumba moja hapohapo Kimisagara, juu kidogo ya karakana. Geti zito, la vyuma vitupu. Kabla hatujaliinua, Mzee Gaspari akanitazama. Alikuwa amekwisha kuniona nikinywa chai kwa kushoto.

"Mkono iko sawa?" akaniuliza.

"Iko sawa, Mzee."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Tukainua, yeye upande ule, mimi upande huu. Tulipolifikisha kwenye bawaba, kiwiko kikachomwa kama mtu amekipitishia moto, vidole vikafunguka vyenyewe, na geti likaanguka juu ya mguu wake wa kulia. Ee Mungu wangu. Sitaki hata kuikumbuka ile sauti aliyoitoa. Watu wakakimbilia pale, wakauliza kumetokea nini, na Mzee Gaspari, akiwa amekaa chini jasho linamtiririka, akasema, "Geti iliteleza. Chuma ni chuma." Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na nikanyamaza kimya.

Baada ya wiki nikaenda kwake kumjulia hali. Mguu umefungwa plasta mpaka karibu na goti, umewekwa juu ya kigoda. Mkewe, Mama Konsolata, akanikaribisha, akarudi jikoni, na mjukuu wao wa miaka mitatu akanijia mbio na kunipa mkono. Nami kwa mazoea nikaushika mkono wangu pale kiwikoni, nikainama, nikamsalimu yule mtoto kama namsalimu askofu.

Mzee Gaspari akautazama ule mkono uliokishika kiwiko. Kisha akasema, "Mtoto wa miaka tatu? Leta huo mkono."

Nikampa. Akabonyeza kidogo tu pale kwenye kifundo, na mimi nikaruka.

"Heshima yako yote ile," akasema, "ilikuwa ni hii?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikapiga magoti, nikaanza kulia, nikamwambia nisamehe Mzee, ni visahani, ni Kampala, nilikuwa naona nitapona. Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mguu itapona. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili."

Kesho yake akanituma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yeye mwenyewe akiwa hawezi kufika mlangoni. Yule bwana akanikataza kurusha kwa wiki kadhaa, na nyundo nikaambiwa niipumzishe pia. Maumivu yalipotulia akanifundisha kulaza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini, nimeshika chupa ndogo ya maji, halafu niishushe polepole, polepole sana, kila siku. Mwalimu naye nilimwambia ukweli. Kampala wakaenda wengine, nami niliumia, siwezi kukudanganya. Lakini waliporudi, mwalimu alinianzisha upya kama mtoto anayejifunza kutembea: shika kwa ulaini, geuza kiuno, miguu ndiyo irushe, mkono ufuate tu. Mitupo thelathini, basi, nenda nyumbani. Na ajabu, kisahani kikawa kinakwenda mbali zaidi.

Mguu haukupona vizuri. Mzee Gaspari alichechemea maisha yake yote. Kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba geti iliteleza. Hata siku tulipomzika, watu walisimulia habari ya geti lililoteleza, wakacheka kwa machozi, na mimi fundi mzima mwenye mvi nikanyamaza tena.

Mwaka jana ndipo nilipata ujasiri. Nikaenda kwa Mama Konsolata, nikamwambia, mama, geti halikuteleza, niliachia mimi, mkono ulikuwa unauma nami nikadanganya. Yule mama akanimiminia chai, taratibu. "Najua," akasema. "Aliniambia siku ileile ulipopiga magoti. Akasema nisikuulize, utakuja mwenyewe kuniambia."

Miaka yote hiyo, mwanangu. Nilikuwa naingia nyumba ile Krismasi, Pasaka, ubatizo, harusi, nakula, naondoka, na yule mama ananisindikiza mpaka njiani akisubiri niseme. Mumewe amekufa akiisubiri siku hiyo.

Kwa hiyo sikukatazi kurusha. Rusha, ujana ni wako, na Rebero bado ni nzuri. Lakini kiwiko kikiuma, acha siku hiyohiyo, nenda kwa anayejua viungo, na ukirudi usirudi na mitupo mia. Legeza vidole, tumia kiuno na miguu. Zaidi ya yote sema. Mwambie mwalimu wako, mwambie mama yako, mwambie yule mnayebeba naye kitu kizito, maana ukiachia, kitamwangukia yeye. Na mtu anayekupenda akikuuliza kama uko sawa, usimfanye aulize mara ya pili.

Mungu akupe viungo vyenye afya na mdomo usioogopa kusema kweli. Akupe na wewe mtu wa kukuuliza, na akujalie umjibu angali hai. Haya sasa, mwanangu: mkono uko sawa?