Miwani Mpya na Jina la Malindisa

Kwa miaka sita nimekana kwamba niliona jina lile daftarini. Nilisingizia miwani. Leo nakiri, miwani haikuwa na kosa.

Siku ya kuwakumbuka wazee wa ukoo wetu walionyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji, nilipita kwanza mjini Songea kuchukua miwani mpya, kwa sababu ile ya zamani nilikuwa nimeifunga mkono kwa uzi, na msomi wa ukoo (ndivyo wanavyoniita, nami sikatai) hawezi kusimama mbele za watu na uzi sikioni. Nikafika mtaa wa Lizaboni, kwa Shangazi Agata, nikiona kila kitu kupita kiasi, hata nyufa za ukuta ambazo sikuwahi kuzijua.

Kwetu msomaji hutaja jina la marehemu na ukoo wote huitika, “Yupo.” Daftari la majina ya walionyongwa liliandikwa na katekista mmoja wa zamani, akisimuliwa na walioshuhudia. Nilisoma majina kumi na moja, wakaitika. Kisha kati ya mistari miwili nikaona mwandiko mwembamba, kama unapanda juu kutoka ndani ya karatasi, nikausoma bila kufikiri: “Malindisa.”

Vichwa vyote vikamgeukia shangazi. Malindisa ni babu yake, na inasemwa aliwaonyesha Wajerumani maficho ya wenzake. Shangazi amezeeka akiitwa mjukuu wa msaliti. Ndipo sauti ya mwanamume ikaitika nyuma yangu, taratibu, “Yupo.” Nyuma yangu kulikuwa na ukuta tu.

Mzee aliyetunza daftari akaniuliza jina hilo nimelitoa wapi. Shangazi alikuwa amesimama, ananitazama mdomo. Nikainamisha karatasi, mwandiko ukapotea. Basi nikavua miwani, nikacheka kijinga, nikasema waliopima macho yangu wamekosea.

“Msomi wetu anasoma hata yasiyoandikwa,” mzee akasema, watu wakacheka. Shangazi akakaa chini.

Mzee yule alifariki mwaka huu, daftari likaja kwa Filomena, binti wa shangazi. Juzi akanipigia simu. Ameliinua juani: jina lilikwanguliwa kwa wembe, lakini alama za kalamu zimebaki. Malindisa alinyongwa pamoja na wenzake.

“Mama yuko hapa,” akasema. “Anauliza, siku ile uliliona?”

Nikasikia mtu mzima akipumua kwenye simu.

“Shikamoo, shangazi. Nililiona. Na kuna mtu aliitika.”

“Marahaba,” akasema. “Hata mimi nilimsikia.”