Jua Lenye Mtoto Mmoja

Harufu ya naftalini hunikosesha adabu. Mtu akifungua sanduku la nguo mbele yangu, hata awe mama mkwe, nitainama kunusa kwanza ndipo nimsalimie. Wenzangu hapa Lodwar hunicheka sana. Hawajui kwamba kwangu hiyo ni harufu ya mambo yajayo, kwa sababu Mama Espe alihifadhi karata zake za taro kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vidonge vyeupe, mende wasije wakamla mfalme.

Mama Espe alikuwa mjane wa Kikongo aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kuuza mandazi. Mama yangu, Mturkana wa Lopur, ndiye aliyempelekea makaa. Mimi na pacha wangu Ekiru tulimfuata mama nyuma kila mara, na nisiwadanganye, tulifuata mandazi. Lakini siku ambazo biashara ilikuwa baridi, Mama Espe alilifungua lile kopo, nasi tukasahau kutafuna.

Zilikuwa karata za kutazamia, si za kucheza, na alikuwa na seti mbili. Moja ilikuwa kuukuu, ya mama mkwe wake, aliyokimbia nayo kutoka Bukavu, yenye watu wa rangi nyekundu na buluu walionuna kama walionyimwa chai. Ya pili ilikuwa mpya, ametumiwa na mwanawe aliyehamia ng'ambo. Hiyo ilikuwa na picha nzuri na vialama pembeni: duara lenye nukta katikati ni Jua, duara lenye pembe mbili ni Ng'ombe Dume, na kadhalika. Kila karata na nyota yake. Mama Espe alikuwa bado anajifunza hiyo mpya, na ilimchanganya. Kwenye ile ya zamani Haki alikuwa namba nane na Nguvu namba kumi na moja. Kwenye mpya walikuwa wamebadilishana viti. "Sijui nani aliwapa ruhusa," alinung'unika.

Kama yeye alichanganyikiwa, je, sisi? Tulimwuliza nyota ya Mapacha iko kwenye karata gani, tukitarajia mashujaa wawili wenye mikuki. Akatuonyesha Wapenzi, mwanamume na mwanamke wako uchi mchana kweupe. Ekiru alitema mate chini na mimi nikajifunika uso. Na kulikuwa na karata ya Nyota, ambapo mwanamke anamwaga maji kutoka kwenye mitungi miwili, mmoja mtoni, mwingine ardhini tu, bure. Mama yangu alipoiona alikasirika kweli. "Huyu hana akili," alisema. "Hakuna mtu wa kumchapa?"

Basi Ekiru akaanza kuvimba tumbo. Mwanzoni tulimtania kwamba amemeza boga. Boga lilikua, miguu ikawa vijiti, na daktari wa Kakuma akamwambia mama kuwa mle ndani mna vifuko vya maji, ugonjwa unaotoka kwa mbwa, na lazima mtoto apelekwe Lodwar akapasuliwe. Asipopasuliwa, vifuko vitapasuka vyenyewe, na hapo hakuna la kufanya. Baba alikuwa na mifugo mbali kupita Namoruputh, kusikofika simu. Uamuzi ukamwangukia mama peke yake, na mama aliogopa kisu kuliko alivyoogopa tumbo. Mtoto wa jirani alipelekwa kupasuliwa, akarudi amefungwa shukani.

Ndipo akaenda kwa Mama Espe, akaniburuta na mimi. Ekiru tulimwacha amelala kivulini na shangazi. Ilikuwa mchana, mabati yakilia kwa joto. Mama Espe aliteremsha pazia kwanza ili kina mama wenzake wa kwaya wasimwone, akachukua zile karata za zamani, akazichanganya kwa muda mrefu, akaweka ya kwanza mkekani. Mwezi. Chini ya mwezi, mbwa wawili wakibweka.

Mama alinishika mkono mpaka ukauma. "Hao ndio mbwa wenyewe!"

"Ngoja," alisema Mama Espe, akaweka ya pili. Jua kubwa lenye uso, na chini yake watoto wawili wameshikana mabega mbele ya ukuta. "Umeona, Mama Ekiru? Mapacha wako. Wote wawili mu jua. Umupeleke mutoto Lodwar."

Nilifurahi nikataka kurukaruka. Mama alishusha pumzi, akaitazama ile picha, kisha akasema, "Sawa. Sasa tupa tena."

Lazima niwaeleze. Kwetu mwaguzi, emuron, hutupa viatu vyake chini na kusoma vilivyoanguka, na hakuna mwenye akili timamu anayeondoka baada ya mara moja. Viatu hutupwa tena na tena mpaka vikubaliane.

"Karata haziulizwi mara mbili," alisema Mama Espe. "Zinakasirika."

"Viatu hazikasiriki."

Walibishana hapo, kila mmoja na Kiswahili chake. Mwisho Mama Espe akasalimu amri. Alisema ataheshimu karata za mama mkwe kwa kutumia zile mpya. Akazichanganya, akarekebisha kanga yake, akafunua moja tu.

Jua tena! Namba ileile, kumi na tisa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kushangilia nilipoona kwamba chini yake kulikuwa na farasi mweupe, na juu ya farasi kulikuwa na mtoto mmoja.

Mama Espe mwenyewe aliitazama karata kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wageni.

"Mtoto ingine ameenda wapi?" mama aliuliza.

Mama Espe alijaribu. Alisema ni Jua lilelile, alama ni ileile, furaha ni ileile, ila mchoraji ni mwingine. Wapi! Mama amekua akiona matumbo ya mbuzi yakisomwa, na kwenye utumbo hakuna mchoraji. Kinachoonekana ndicho kilichosemwa. Alianza kujifunga shuka aondoke. "Mtoto yangu haendi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. Nilimtafuta yule mtoto wa pili kwenye picha, nyuma ya farasi, nyuma ya ukuta, katikati ya maua. Yule aliyebaki ni Ekiru au ni mimi?

Mama Espe akamshika mama shuka. "Mama Ekiru, angalia. Huyu mwenye kupanda farasi anaenda wapi? Anaenda Lodwar. Mwenzake hauwezi kumuona mu karata, sababu yuko hapa kwangu, anakula mandazi."

Mama alirudi, akainama. Alijua punda, na farasi kwake alikuwa punda tu. "Haina kamba," alisema taratibu. "Nani anaongoza?"

"Weye," alisema Mama Espe. "Mama yake. Uko mbele, bado hawajakuchora."

Kesho yake mama na Ekiru walipanda gari la Lodwar, nami nikaachwa kambini. Siku hizo zilinitesa. Niliwaza kwamba nikiondoka juani nitatoka kwenye ile karata ya watoto wawili moja kwa moja, basi nikakataa kivuli. Jua la Kakuma, jamani! Midomo ilipasuka, na Mama Espe akinivuta ndani kwa sikio, natoka kwa mlango mwingine. Nilipomweleza sababu aliketi chini kati ya makaratasi ya unga, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani ananicheka. Siku simu ilipofika kwa jirani kwamba Ekiru ameamka na anataka maziwa, alilia vilevile, ndipo nikaanza kushuku kwamba hata ile ya kwanza haikuwa kicheko.

Leo Ekiru anaendesha bodaboda na humfunulia kovu kila abiria anayelalamika kuhusu nauli. Mimi nimekaa na swali langu kuhusu lile Jua miaka yote. Juzi, hotelini hapa Lodwar, msichana mgeni wa Nairobi alikuwa akichanganya karata kama zile, rundo zito la kujaza mikono miwili, nikamwuliza kama Jua linaweza kutoka kwenye seti mbili mfululizo. Alicheka. Alisema labda mtu akilisaidia.

Nilipanda gari mpaka Kalobeyei anakoishi Mama Espe sasa, macho yamefifia. Nilipomwuliza hakukataa. Mara zote mbili alilichagua Jua mwenyewe, akalificha kwenye kanga; ya pili alisahau kwamba kwenye karata mpya mtoto ni mmoja. Ule Mwezi ndio uliotoka wenyewe, na baada yake hakuthubutu kufunua nyingine.

Nilihisi nimeonewa, sijui kwa nini. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa huziamini," nilimwambia.

"Naziamini sana, mutoto yangu," alisema. "Ningekuwa siziamini, ningeziuliza."