Aliyekaza Anapanda

Fundi Taratibu alikuwa mwoga, na wateja wake walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akitengeneza springi za magari katika ua wake wa mabati, kando ya barabara ya maghala. Kila nati aliyoifunga aliikaza, akaenda kunawa mikono, akarudi kuikaza tena. Gari likitoka getini alilisindikiza hatua kumi akimwambia dereva, "Taratibu, taratibu," mpaka jina likamganda na lile la kwake likasahaulika.

Woga huo ndio uliozaa sheria iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya benchi la kazi: ALIYEKAZA ANAPANDA. Maana yake ni kwamba gari likijaribiwa kwa mara ya kwanza, fundi aliyelifunga anakaa kando ya dereva. Aliiandika mwaka ambao mwenzake mmoja alifunga nati kwa vidole tu akaenda zake kunywa chai. Wateja waliisoma wakacheka, kisha wakaanza kuleta hadi magari ya mashemeji zao. Naye Fundi Taratibu aliyapanda yote hayo roho mkononi, mkono mmoja ukiwa umeng'ang'ania mlango, ingawa hakuna hata moja lililozidi mwendo wa kwenda msibani.

Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, alipenda kusema kwamba mume wake akisikia birika linalia anatafuta viatu. Walikuwa na watoto watatu. Wawili walishaoa na kwenda kuishi mbali, akabaki kitinda mimba, binti wa miaka ishirini na sita ambaye woga wa baba yake ulimpita kando.

Binti aliuza mayai. Jumatatu hadi Ijumaa pikapu yake ya kijani ilibeba trei themanini, ikizisambaza madukani na kwa waoka mikate kupitia mitaa ambayo mashimo yake alikuwa ameshayapa majina. Jumamosi mchana aliosha bodi, akafungua turubai, akaenda nayo kwenye uwanja wa ndege uliofungwa zamani. Huko magari mawili husimama mstarini, taa ikiwaka yanaondoka kwa pamoja, na atakayemaliza mita mia nne wa kwanza ndiye mshindi. Pikapu ilikuwa na injini kubwa kuliko inavyostahili gari la mayai, na watu wa uwanjani walimwita Bi Trei.

Baba yake alikwenda kumtazama mara moja tu. Siku hiyo pikapu ya mtu mwingine iliondoka mstarini ikaanza kudunda nyuma, dundu, dundu, dundu, kisha ikapinda na kwenda kuvaa mapipa ya mchanga. Dereva alitoka mzima, isipokuwa mguu. Fundi Taratibu hakuuliza kilichotokea, maana alikiona kwa macho yake. Springi za nyuma zilikuwa zimeshindwa kuishika ekseli, ule mhimili unaobeba tairi. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, na chakula cha jioni hakikupita kooni.

Kwa hiyo binti alipokuja uani na kumwambia kwamba springi za nyuma za pikapu zimechoka na anataka amchagulie nyingine, mzee aligeukia benchi lake. Alijifanya anatafuta spana.

Binti akamweleza shida yake. Akikanyaga mafuta ghafla, ekseli inataka kujiviringa, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa kuwa springi yanapinda, halafu yanajirudisha kwa kishindo na tairi zinaruka badala ya kushika lami. Wenzake wa uwanjani walimshauri ang'oe mabamba yote, afunge springi za koili, zile za kuzunguka, na mikono minne ya chuma ya kuishika ekseli. Lakini gari lao ni la Jumamosi tu. La kwake lina siku tano za mashimo na mayai.

"Nichagulie wewe, Baba," akasema. "Utakachofunga ndicho nitakachoendesha. Sitauliza."

Jibu alilijua kabla chai haijapoa. Mikono minne ingetaka fremu ikatwe, na bushi zake za mpira zingeliwa na mashimo kabla mwaka haujaisha. Dawa ilikuwa ni kuacha mabamba yote, kubadilisha yaliyochoka, kisha kufunga vyuma viwili virefu chini yake, kimoja kila upande, kutoka kwenye ekseli kuja mbele. Kazi ya vyuma hivyo ni kuizuia ekseli isijiviringe. Mayai yangesafiri kama kawaida na pikapu ingeondoka mstarini imenyooka. Na hapo ndipo alipoingiwa na hofu kuliko mwanzo, kwa sababu pikapu iliyonyooka ingekwenda kasi zaidi, na binti asingeacha kamwe.

Kwa siku tatu alitembea na mapigo ya moyo masikioni. Akinywa chai, akioga, akimsikiliza mteja, alimwona mwanawe kwenye yale mapipa ya mchanga. Mkewe alimuuliza kama ana homa. Siku ya nne akapata wazo, na aibu yake ni kwamba lilimfurahisha. Angetoa mabamba mawili kila upande, springi iwe laini, na vyuma asifunge kabisa. Pikapu ingedundadunda pale pale mstarini kabla haijashika mwendo, watu wangecheka, binti angeshindwa mchana kweupe Jumamosi mbili tatu, na mwisho angechoka. Mayai hayadhuriki kwa springi laini. Wala mtu hafi kwa kuchekwa.

Ndivyo alivyofunga. Nati zote alizikaza mara mbili, kama kawaida yake, na alipomaliza akamwambia mwanawe kwamba vyuma havina haja, springi hii inatosha. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika ua ule. Binti akasema asante, akampiga bega.

Jumapili asubuhi maghala yalikuwa yamefungwa na barabara ilikuwa tupu, imenyooka, ukuta upande huu na nguzo za umeme upande ule. Binti aliisimamisha pikapu katikati, akainama kumfungulia mlango. Mzee akasema kwamba leo wangejaribu taratibu tu, kusikiliza kama kuna kelele.

"Sheria ni sheria," binti akamjibu, akicheka. "Umekaza, unapanda. Na gari linajaribiwa kwa kazi yake."

Mzee akafunga mkanda. Alijiambia kwamba litadunda hapa hapa, binti ataachia mafuta, mambo yataisha. Binti alipandisha injini mpaka kioo kikatetemeka, akaachia klachi.

Lilidunda, kama alivyopanga. Dundu moja, dundu la pili, kichwa chake kikagonga mlango. Lakini binti hakuachia. Alipunguza mafuta kidogo, tairi zikashika, pikapu ikatoka na kumbandika mzee kitini. Maghala yakaanza kupita upesi kuliko alivyowahi kuyaona. Kisha binti akaingiza gia ya pili.

Hilo Fundi Taratibu hakulifikiria. Mtu aliyejaribu springi maisha yake yote kwa mwendo wa msibani, akipima zinabeba nini tu, hakujua kwamba ekseli inapigwa upya gia inapobadilika, tena gari likiwa tayari mbioni. Nyuma iliruka. Ikaruka tena, ikahama upande, na nguzo ya umeme ikaja ikiwa imesimama katikati ya kioo cha mbele. Alifumba macho. Alitaka kuita jina la mwanawe na sauti haikutoka. Alichowaza ni kitu kimoja tu, kwamba mabamba manne yalikuwa chini ya benchi lake, yamefunikwa gunia, na yeye ndiye aliyeyafunika.

Alipofumbua macho, pikapu ilikuwa imesimama mshazari barabarani. Nguzo ilikuwa nje ya dirisha lake, karibu kiasi cha kuigusa. Binti alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, Baba," binti akasema. "Nimekosea klachi. Nimekutisha bure." Akapumua. "Tatizo ni mguu wangu. Springi umefunga wewe, haiwezi kuwa springi. Nitarudia mpaka niipatie."

Mzee angeweza kunyamaza. Nguvu za kunyamaza alikuwa nazo, kwani hata hewa ya kusemea ilikuwa shida kuipata. Lakini binti alikuwa ameshashika gia, anataka kuligeuza gari akarudie. Angerudia leo, na Jumamosi, na Jumamosi nyingine, akijilaumu mguu, mpaka siku ambayo nguzo isingemkosa. Kila alichokiogopa kwa miaka yote alikuwa amekijenga kwa mikono yake na kukikaza mara mbili.

Akamshika mkono. "Zima gari. Mguu wako hauna kosa. Nimetoa mabamba mawili kila upande, na vyuma vilihitajika. Nilijua."

Binti aliondoa mkono kwenye gia. "Ulijua," akasema.

"Nilitaka ushindwe. Niliogopa, mwanangu. Nilitaka uchoke uache."

Binti alizima injini, akashuka, akaenda kusimama mbele ya nguzo, akaiwekea kiganja. Mzee alibaki kitini na mkanda wake, akilia waziwazi, na hakujifuta. Waliporudi uani walikwenda mwendo ule ule wa msibani, na mara hii hakuna aliyeufanyia mzaha.

Kazi ilichukua siku mbili, kwa sababu vyuma vilibidi vikatwe na kuchomelewa. Mzee alipima na kuchomelea, mabamba yakatoka chini ya gunia na kurudi mahali pake. Binti alimsemesha yaliyohusu kazi tu. Jumanne mchana, maghala yakiwa yamefungwa kwa sikukuu na ilipobaki kukaza tu, Fundi Taratibu alilala chini ya gari na kunyoosha mkono apewe spana. Spana haikuja.

"Toka, Baba," binti akasema. "Nakaza mwenyewe. Wewe nishikie tochi."

Akatoka. Binti akaingia chini kwa mgongo, akakaza nati moja baada ya nyingine huku baba yake amepiga magoti, akimulika. Alipomaliza alitoka, akanawa mikono, akarudi chini kuzikaza zote tena. Mzee aliliona hilo. Kisha akaenda upande wa abiria, kama ilivyokuwa desturi yake, akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Binti akamwonyesha ukuta kwa kidevu.

"Aliyekaza anapanda," akasema. "Leo nimekaza mimi. Wewe subiri hapa." Kisha, akiwa ameshawasha gari, akateremsha kioo. "Sijakasirika kama unavyofikiri. Lakini usinifunge tena kitu bila kuniambia."

Pikapu ikatoka getini. Alitaka kuisindikiza zile hatua kumi, lakini akabaki ameegemea nguzo ya geti. Kutoka pale ukuta wa maghala ulimzuia kuiona pikapu, aliweza kuisikia tu. Alisikia injini ikipanda. Alisikia klachi ikiachiwa na gari likiondoka bila kudunda, safi, na hakuthubutu kufurahi. Akasubiri gia ya pili. Ilikawia, au yeye ndiye aliyeacha kupumua. Ilipoingia, sauti ilibadilika mara moja ikaendelea mbele, imenyooka, ikiwa mbali zaidi na zaidi, na Fundi Taratibu akabaki pale getini jua likiwaka, ameishika tochi ambayo hakuwa amekumbuka kuizima.